Goma, Bukavu: Programu za muziki za bei nafuu zipo, lakini bei ya dukani si bei ya mwisho

Kila mwisho wa mwezi wa Novemba, katika siku zinazoizunguka ile Ijumaa ambayo Wamarekani wameipa jina la Black Friday, kampuni nyingi zinazouza programu za kutengeneza muziki hushusha bei: robo, nusu, mara nyingine zaidi ya nusu. Ni majuma yaleyale ambayo studio za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia zinapokea kwaya na waimbaji wanaotaka wimbo wao uwe tayari kabla ya Noeli. Lakini punguzo hilo linapita mbali na studio nyingi za mashariki mwa Kongo. Huku, mara nyingi programu haitoki dukani. Inatoka kwenye flashi ya rafiki, kufuli yake imekwisha kuvunjwa, na hakuna aliyeilipia hata franka moja.

Sababu inayotajwa kila mara ni bei. Mwenye studio anaona dola 200 au 500 zimeandikwa kwenye tovuti, anakumbuka wimbo mmoja unamwingizia kiasi gani, anafunga ukurasa. Ukitazama kwa karibu, hesabu hiyo haisimami. Programu ya kurekodi kwaya nzima na kuchanganya sauti zake vizuri inapatikana leo kwa dola 60, na nyingine ni za bure kabisa. Kinachomsumbua zaidi mtu wa Goma au Bukavu ni mambo matatu yanayokuja baada ya bei: njia ya kulipa, mega za kupakua, na namna leseni inavyofunguliwa. Punguzo linalomfaa ni lile linaloweza kupita milango hiyo yote mitatu.

Bei zilizoandikwa zinasema nini

Programu inayojulikana sana kwa vijana watengeneza biti ni FL Studio ya kampuni ya Ubelgiji Image-Line. Wengine bado wanaiita Fruity, kwa sababu ilipotoka mwaka wa 1997 jina lake lilikuwa FruityLoops. Inauzwa kwa ngazi. Ngazi ya chini, inayoitwa Fruity, ni karibu dola 100. Inayofuata, Producer, inakaribia dola 200, na ile yenye kila kitu iko kati ya dola 450 na 500. Kwa miaka mingi ngazi ya chini haikuruhusu kurekodi sauti ya mwimbaji; ilikuwa ya kupanga ala tu. Aliyeinunua kwa kufuata bei ndogo alijikuta na maikro isiyo na kazi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kusoma kile ambacho kila ngazi inaruhusu katika toleo la mwaka huo, si kusikiliza tu mtu aliyeinunua zamani.

FL Studio ina faida moja kubwa: anayelipa mara moja anapata matoleo yote yatakayofuata bila kulipa tena. Kwa studio inayofikiria miaka 10 mbele, dola 200 za namna hiyo zinaweza kuwa nafuu kuliko dola 80 za programu inayodai malipo mapya kila toleo jipya linapotoka.

Upande wa pili kuna REAPER, ya kampuni ya Marekani Cockos. Mwanzilishi wake, Justin Frankel, ndiye aliyetengeneza Winamp, programu ambayo watu wengi waliitumia kusikiliza muziki kwenye ordinateri miaka ya 2000. REAPER haina ngazi. Leseni ndogo ni dola 60, nayo inamhusu mtu anayefanya kazi kwa ajili yake mwenyewe au studio ambayo mapato yake ya mwaka hayapiti dola 20,000. Anayepita hapo analipa dola 225, kwa programu ileile. Mtu anaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60 na hakuna kilichofungwa ndani yake. Anayenunua leseni akiwa kwenye toleo la 7 anabaki nayo mpaka mwisho wa toleo la 8.

Halafu kuna programu ndogo zinazowekwa ndani ya hizo kubwa, ambazo watu wa studio wanaziita plagini: moja inatoa mwangwi, nyingine inanyoosha sauti ya mwimbaji, nyingine inaleta mlio wa piano au wa ngoma. Hapo ndipo mnunuzi anapochanganyikiwa na punguzo. Kampuni ya Waves, ya Israeli, ina plagini ambazo bei yake rasmi inapita dola 100 au hata 200, lakini karibu mwaka mzima zinauzwa kwa dola 30 hivi. Ukiona zimeandikwa "asilimia 80 imepunguzwa", ujue kwamba bei ya kweli ni hizo dola 30, na kwamba juma lijalo huenda zitarudi kwenye bei hiyohiyo. Hakuna sababu ya kukopa pesa usiku ili kuwahi punguzo la namna hiyo.

Kinyume chake ni Valhalla DSP, kampuni ndogo ya Marekani inayosifiwa kwa plagini zake za mwangwi. Kila moja inauzwa dola 50, Januari hadi Desemba, bila punguzo lolote. Anayesubiri Novemba ili ainunue anapoteza muda. Kabla ya kufurahia punguzo, basi, swali la kwanza ni hili: kitu hiki kilikuwa kinauzwa bei gani mwezi uliopita?

Vya bure ambavyo si vya kudharau

Kuna mawazo kwamba kitu cha bure ni kibovu. Katika muziki wa ordinateri mawazo hayo yamepitwa na wakati. Audacity, LMMS na Ardour ni programu huria; mbili za kwanza hazidai chochote, na ya tatu inamwachia mtu achague atalipa kiasi gani ili apakue ile iliyo tayari kufungwa. Cakewalk, iliyokuwa ikiuzwa kwa mamia ya dola, iliachwa na mmiliki wake wa wakati ule, kampuni ya magitaa Gibson, mwaka wa 2017. Mwaka uliofuata BandLab ya Singapore iliichukua na kuanza kuitoa bure. Avid nayo inatoa toleo dogo la Pro Tools bila malipo, Pro Tools Intro, lenye nafasi 8 za sauti. Kwa mwimbaji mmoja na gitaa zinatosha. Kwa kwaya ya maikro 12 hazitoshi.

Katika plagini hali ni nzuri zaidi. Valhalla ileile isiyopunguza bei inatoa Supermassive bure. TDR Nova inasawazisha sauti nene na nyembamba. Vital na Surge XT zinatengeneza milio ya kinanda cha kisasa. LABS ya kampuni ya Uingereza Spitfire Audio inaleta piano na vinanda vya nyuzi vilivyorekodiwa kweli.

Na ile sauti ya kunyooshwa ambayo wateja wengi vijana wanaidai wakiingia studio? Jina lake linatokana na Auto-Tune, iliyotolewa na kampuni ya Antares mwaka wa 1997. Anayeitaka bila kulipa anaweza kuchukua MAutoPitch ya MeldaProduction, au toleo la bure la Graillon la Auburn Sounds. Si sawa kabisa na ile ya kulipia, lakini kwa wimbo utakaosikilizwa zaidi kwenye telefone na kwenye bafle za sherehe, tofauti itaonekana kwanza kwenye ufundi wa anayeitumia.

Flashi ya rafiki inagharimu nini

Kutumia nakala iliyovunjwa si tabia ya maskini peke yao. Mwezi wa Machi 2016 Kanye West aliweka kwenye Twitter picha ya ordinateri yake, na watu wakaona ukurasa wa Pirate Bay ukiwa wazi kwenye programu ya Serum, ambayo wakati ule iliuzwa chini ya dola 200. Mwanamuziki Deadmau5, aliye karibu na watengenezaji wa Serum, alimcheka hadharani. Dunia nzima ilicheka pia, kisha mambo yakaisha. Lakini nyota wa namna hiyo ana wanasheria na ana fundi wa kumsafishia ordinateri. Kijana wa Katindo au wa Kadutu hana.

Mwaka wa 2019 kampuni ya usalama wa ordinateri ESET ilitoa uchunguzi kuhusu kirusi ilichokiita LoudMiner. Kilikuwa kimefichwa ndani ya nakala zilizovunjwa za programu na plagini za muziki: ESET ilihesabu 137, kati yao 42 za Windows na 95 za ordinateri za Apple. Mtu alipoifunga nakala hiyo, ndani ya ordinateri yake iliwekwa mashine nyingine isiyoonekana, ambayo kazi yake ilikuwa kuchimba sarafu ya kidijitali inayoitwa Monero kwa faida ya mwizi.

Waliochagua programu za muziki walijua wanachofanya. Ordinateri ya studio huwa na nguvu kuliko ya ofisi, na mwenyewe amezoea kusikia feni yake ikilia kazi inapokuwa nzito. Akiona inakwenda polepole, anadhani ni plagini. Mjini Goma, ambako wakaaji wengi wananunua umeme kabla ya kuutumia, maana yake ni rahisi: mtu anamlipia mwizi wa mbali kilowati zake mwenyewe, na betri ya ordinateri inakufa kabla ya wakati.

Si kila nakala iliyovunjwa ina kirusi. Lakini karibu kila mara maelezo yanayoambatana nayo yanadai jambo moja: kwanza zima kinga ya ordinateri. Baada ya hapo hakuna anayejua kilichoingia. Na nakala hiyo haipokei marekebisho. Ikigoma katikati ya kazi ya mteja, hakuna wa kumwandikia.

Kulipa kutoka mji ambao banki zimefunga

Mlango wa kwanza ni malipo. Mwisho wa mwezi wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, banki za mji huo zilifunga milango. Za Bukavu zikafuata mwezi wa Februari. Wakaaji walibaki wakitegemea pesa za kwenye telefone, na wengine wa Goma walilazimika kuvuka hadi Gisenyi kutafuta huduma ya banki. Kwa mwenye studio, pigo lilikuwa la moja kwa moja. Maduka mengi ya programu za muziki yako Ulaya na Marekani, na yanataka karte ya Visa au Mastercard. Airtel Money, M-Pesa na Orange Money hazionekani kwenye ukurasa wao wa malipo.

Njia iliyobaki kwa wengi ni karte isiyoshikika mkononi, yaani namba tu ndani ya telefone, ambayo baadhi ya banki na huduma za pesa hutoa kwa malipo ya mtandaoni. Inafaa kwa sababu mtu anaweka ndani yake kiasi anachotaka kutumia na si zaidi. Hata ikiibwa namba, hasara ina mpaka. Lakini kila hatua ina makato: kutia pesa, kulipa nje ya nchi, wakati mwingine hata kushika karte hiyo kila mwezi. Plagini ya dola 10 ikibeba dola 3 za makato, si ya dola 10 tena. Ndiyo maana ni heri kununua vitu viwili au vitatu kwa malipo ya mara moja kuliko kununua kidogo kidogo. Jambo moja linampunguzia Mkongo hasara: tayari anahesabu kwa dola, kwa hiyo bei ya Marekani haimlazimishi kubadilisha franka katikati ya safari.

Wengine wanamwomba ndugu aliye Nairobi, Kampala, Brussels au Montréal alipe kwa karte yake. Si kosa, ila kuna tahadhari. Leseni ni mali ya akaunti, si ya aliyeshika ordinateri. Kama ndugu atafungua akaunti kwa barua pepe yake, yeye ndiye mwenye programu machoni pa kampuni. Siku ordinateri itakapoharibika, au undugu utakapoingia mchanga, studio haitakuwa na cha kuonyesha. Utaratibu mzuri ni mwenye studio kufungua akaunti kwa jina lake na barua pepe yake, ndugu aje kulipia tu.

Tahadhari ya pili inahusu namba za leseni zinazouzwa kwa bei ya kutupa na watu wasiojulikana. Baadhi zinakuwa zimenunuliwa kwa karte zilizoibwa. Mwenye karte akigundua anadai pesa zake, kampuni inaifuta namba, na aliyelipa dola 20 kwa kitu cha dola 200 anabaki bila kitu. Kabla ya kulipa mtu yeyote asiye mtengenezaji, angalia kama tovuti ya mtengenezaji inamtaja kuwa muuzaji wake.

Mega na kufuli ya leseni

Mlango wa pili ni uzito wa kitu chenyewe. REAPER inapakuliwa kwa mega zisizofika 20. Hata mtandao dhaifu wa usiku unaiweza. FL Studio inakaribia giga 1. Mkusanyiko wa ala unaweza kupita hapo mbali sana. Mfano mzuri ni BBC Symphony Orchestra ya Spitfire Audio: toleo lake dogo, Discover, lina mega 200 hivi, lakini lile kubwa la Professional linapita giga 500. Kwa anayenunua mega kwa siku au kwa juma, mega hizo zingegharimu kuliko punguzo lenyewe. Kwa hiyo ukubwa wa faili ni sehemu ya bei, na unaandikwa kwenye ukurasa wa bidhaa. Unapaswa kusomwa kabla ya kulipa.

Mlango wa tatu, ambao wengi wanausahau, ni namna kampuni inavyohakikisha kwamba umelipa. REAPER inatoa faili ndogo ya leseni: ukiitunza kwenye flashi, unaweza kufungua programu hata kijijini kusiko na mtandao. FL Studio nayo inaweza kufunguliwa kwa faili ya namna hiyo. Waves inaruhusu leseni kukaa kwenye ordinateri au kwenye flashi ya kawaida.

Lakini plagini nyingi hupitia huduma ya iLok. Nyingine zinakubali leseni ikae ndani ya ordinateri, nyingine zinadai kifunguo maalumu cha USB kinachonunuliwa pembeni, na nyingine zinaruhusu leseni ikae mtandaoni. Hiyo ya mtandaoni inataka ordinateri iwe na intaneti muda wote wa kazi. Huko Ulaya hilo ni jambo dogo. Goma au Uvira, mtandao ukikatika katikati ya kurekodi, plagini uliyoilipia inaweza kufungwa mbele ya mteja. Punguzo la asilimia 70 kwa kitu cha namna hiyo halimfai mtu wa huku.

Umeme nao una neno lake. Toleo la majaribio la FL Studio halina mwisho wa siku, nalo linaruhusu kutoa wimbo uliokamilika. Lakini ukihifadhi kazi na kuifunga, hutaweza kuifungua tena mpaka ulipe. Mtu mwenye umeme wa uhakika anaweza kumaliza biti kwa kikao kimoja. Umeme ukikatika na betri ikaisha, kazi ya saa nne inabaki nyuma ya kufuli. Haipotei, kwa sababu itafunguka siku utakaponunua leseni. Lakini kwa mteja anayesubiri mlangoni, ni kama imepotea.

Leseni zilizolala ndani ya kartoni

Kuna punguzo moja ambalo baadhi ya studio na makanisa tayari wamelilipia bila kujua. Konsole za kuchanganyia sauti za Yamaha zenye USB, kama zile za mfululizo wa MG zenye herufi XU, huuzwa pamoja na namba ya kupakua Cubase AI. Hiyo ni toleo dogo la Cubase, programu ya kampuni ya Ujerumani Steinberg, ambayo Yamaha inaimiliki tangu mwaka wa 2005. Namba iko kwenye karatasi ndani ya kartoni, na mara nyingi karatasi hiyo inatupwa pamoja na plastiki.

Karte nyingi za sauti ziko vilevile. Focusrite Scarlett, kwa mfano, huja na haki ya kupata Ableton Live Lite na plagini kadhaa mara unapoisajili. Anayenunua karte ya sauti iliyokwisha kutumiwa, iwe imetoka Dubai, Kampala au kwa jirani, amuulize muuzaji swali moja: je, ilishasajiliwa? Kama bado, thamani yake imepanda. Kama ilishasajiliwa, programu zake zimeshachukuliwa, na bei lazima ishuke.

Wanafunzi nao wana haki ambayo haidaiwi vya kutosha. Ableton inawapunguzia asilimia 40, na Steinberg ina bei yake ya wanafunzi. Kinachotakiwa ni uthibitisho kwamba mtu anasoma kweli.

Abonema: ndogo kwa mwezi, kubwa kwa mwaka

Kampuni zaidi na zaidi zinapendelea abonema. Dola 10 kwa mwezi zinaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni dola 120, yaani leseni mbili za REAPER. Na mwezi usiolipwa programu inafungwa. Katika mji ambao karte inaweza kukosa pesa kwa sababu barabara imefungwa au huduma imesimama, abonema ni kuweka studio yako mikononi mwa hali ya usalama.

Wateja wa dunia nzima walionyesha hofu hiyo mwezi wa Machi 2023, Waves ilipotangaza kwamba haitauza tena leseni za kudumu, bali abonema peke yake. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba baada ya siku chache kampuni iliomba radhi na kurudisha leseni za kudumu.

Kuna njia ya katikati: kulipa kidogo kidogo mpaka kitu kiwe chako. Kwenye Splice, Serum ilipatikana kwa dola 9.99 kwa mwezi mpaka bei yote ya dola 189 itimie, na mtu aliruhusiwa kusimama na kuendelea baadaye. Na toleo la Serum 2 lilipotoka mwaka wa 2025, waliokuwa na lile la kwanza walipewa bure. Mpango kama huo unamfaa zaidi mtu ambaye pato lake linapanda na kushuka.

Hesabu ya studio moja

Tuchukue studio ndogo yenye ordinateri ya zamani, maikro mbili na karte ya sauti. Ikiweka akiba ya dola 5 kila juma kuanzia mwanzo wa Septemba, dola 60 za REAPER zinatimia kabla Novemba haijaisha. Ikianza siku 60 za majaribio mwanzoni mwa Oktoba, inafanya kazi halali muda wote wa kusubiri. Juu yake inaweka plagini za bure zilizotajwa. Ikiongeza dola 50 ina mwangwi wa Valhalla, na jumla ni dola 110 kabla ya makato ya karte. Studio inayoishi kwa biti zaidi kuliko kurekodi inaweza kuacha hayo yote, ikusanye karibu dola 200 za FL Studio Producer, isilipie toleo jipya tena.

Kiasi hicho bado ni kikubwa kwa familia nyingi za Kivu, hasa baada ya vita kupunguza harusi, matamasha na matangazo. Hakuna anayeweza kusema ni kidogo. Lakini anayeanza na programu za bure hana deni kwa mtu, na ordinateri yake haimtumikii mwizi.

Kuna pia suala la haki, ambalo wasanii wa Kongo wanalijua kwa uchungu. Sheria ya nchi ya Aprili 5, 1986 inalinda haki za mtunzi, na SOCODA ndiyo yenye kazi ya kukusanya na kugawa pesa za watunzi. Kila mwaka wanamuziki wanalalamika kwamba nyimbo zao zinanakiliwa kwenye telefone na flashi sokoni bila wao kupata kitu, na wana haki ya kulalamika. Malalamiko hayo yanakuwa magumu kutetea pale wimbo wenyewe ulipotengenezwa kwa programu iliyoibwa. Na siku shirika au kampuni itakapotaka kununua wimbo huo kwa tangazo au kwa filamu, mkataba unaweza kumtaka mtengenezaji athibitishe kwamba kila kitu alichotumia ni halali. Hapo karatasi ya dola 60 itakuwa na thamani ambayo flashi ya rafiki haikuwahi kuwa nayo.

Novemba inarudi kila mwaka, na matangazo ya punguzo yatajaa tena kwenye telefone za watu wa studio. Kabla ya kubonyeza, maswali manne yanatosha: mwezi uliopita ilikuwa bei gani, nitailipa kwa njia ipi na kwa makato gani, ina giga ngapi, na je, itafunguka siku ambayo mtandao hautakuwepo? Tangazo likishindwa kujibu moja kati ya hayo, pesa zibaki kwenye telefone.